Kiangazi cha Mungu, ukame wa binadamu

Kila mwaka, mwezi wa Agosti unapokaribia kwisha, wataalamu wa hali ya hewa wa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika hutoa kauli yao kuhusu mvua ya vuli, yaani ile inayotarajiwa kunyesha baina ya Oktoba na Desemba. Kituo cha ICPAC, ambacho ni chombo cha shirika la IGAD chenye makao yake Ngong, hutoa ramani ya eneo zima. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa iliyoko Dagoretti Corner hutoa ya Kenya. Magazeti huandika, redio husoma, kisha mkazi wa Kayole, Dandora au Umoja hubadilisha stesheni ili asikie matokeo ya kandanda. Si kwamba mtu huyo ni mpuuzi. Amesomewa habari ambayo anaamini kuwa ni ya watu wa Turkana na Mandera, tena kwa maneno yasiyomwambia afanye nini. Nia yangu leo ni kumshawishi kwamba habari hiyo ni yake pia, na kwamba gharama ya kutoisikiliza hulipwa papa hapa, katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi.

Nikiwa mwalimu wa isimu, sina budi kuanza na maneno. Kiswahili kimetupa maneno mawili ambayo siku hizi tunayachanganya: kiangazi na ukame. Kiangazi ni kipindi. Kina mwanzo na mwisho, huja na kupita kama vile masika, kipupwe na vuli, na hakuna awezaye kukilaumu. Ukame ni jambo jingine. Neno hili limejengwa juu ya kivumishi "kame", kama vile "ubaya" ulivyojengwa juu ya "baya", na kiambishi u- kinatuarifu kwamba tunazungumzia hali, wala si wakati. Nchi kame ni nchi isiyozaa. Kwa hiyo kiangazi ni habari ya mbingu, ilhali ukame ni habari ya ardhi na ya wanaoikalia: maji waliyoyaweka au wasiyoyaweka, chakula walichokihifadhi au wasichokihifadhi, onyo walilolizingatia au walilolipuuza. Mvua ikikosekana miezi mitatu, hicho ni kiangazi kirefu. Mtoto akilala njaa kwa sababu hiyo, huo ni ukame, na hapo binadamu ana sehemu yake ya lawama.

Ushahidi wa jambo hili tunao. Mwaka 2000 kiangazi kikali kiliipata Kenya wakati nchi ilipokuwa ikitegemea kwa kiasi kikubwa umeme wa maji ya Mto Tana, kutoka Masinga na mabwawa yaliyo chini yake. Mabwawa yalipopungua, taa zilizimwa kwa zamu nchi nzima. Mafundi wa kuchomelea vyuma, vinyozi na washonaji wa Eastlands wakakaa mikono mitupu mchana kutwa. Baina ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikishindwa, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa takriban miaka arobaini. Hata hivyo, mgao wa umeme wa aina ile ya 2000 haukurudi. Je, mbingu zilitupendelea? Hapana. Katika miaka iliyopita katikati, nchi ilikuwa imechimba mvuke wa Olkaria hata ukawa chanzo kikubwa zaidi cha umeme wetu. Kiangazi kilikuja kikiwa kikali zaidi, lakini katika jambo hilo moja hakikuzaa ukame.

Kwa bahati mbaya, katika mambo mengine kilizaa. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa katika kaunti kame, na mapema mwaka 2023 Wakenya zaidi ya milioni 4 walikuwa wakihitaji msaada wa chakula. Takwimu hizo hukusanywa kwa mpango mzuri. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hufuatilia kaunti 23 mwezi baada ya mwezi, na kuipa kila moja daraja lake: kawaida, tahadhari, hatari au dharura. Bei ya mbuzi hupimwa, umbali wa kufikia maji hupimwa, hata unene wa mkono wa mtoto hupimwa. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini ukiisoma orodha ya kaunti hizo 23, hutaiona Nairobi. Kwa mujibu wa ramani ya ukame, jiji hili lenye watu 4,397,073, kama walivyohesabiwa mwaka 2019, halipatwi na ukame.

Mwenye kukaa Eastlands anajua kwamba sivyo. Ukame hufika huku, ila hubadilisha mavazi. Kule Marsabit huonekana kama mzoga wa ng'ombe kando ya njia. Huku huonekana kama bei ya unga. Mwezi wa Mei 2017, baada ya vuli ya 2016 kushindwa, pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi ilipanda hata serikali ikalazimika kulipia sehemu ya bei ili iuzwe shilingi 90. Julai 2022, ukame ukiwa mojawapo ya sababu, pakiti hiyo hiyo ilikuwa imevuka shilingi 200, na serikali ikaishusha kwa amri hadi shilingi 100 kwa majuma machache. Mkulima wa Kitui akikosa mavuno anaweza, angalau kwa muda, kula mbuzi wake. Mpangaji wa chumba kimoja Huruma hana mbuzi. Ana mshahara wa siku, na siku hiyo bei ikipanda ana njia moja tu ya kujilinda, nayo ni kupunguza sahani.

Vazi la pili ni maji. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi, zaidi ya asilimia 80, hutoka katika bwawa la Ndakaini lililoko Gatanga, Kaunti ya Murang'a, ambalo hujazwa na mito ya milima ya Nyandarua. Bwawa hilo, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, lilikamilika mwaka 1994. Miaka mitano kabla yake, sensa ya 1989 ilikuwa imehesabu watu milioni 1.3 Nairobi. Watu wameongezeka zaidi ya mara tatu. Umoja, Kayole na Dandora, mitaa iliyoanzishwa ili familia iwe na nyumba yake na ua wake, sasa imejaa magorofa ya vyumba vya kupanga, na mabomba yaliyokusudiwa familia moja hutarajiwa kutosheleza ishirini.

Tarehe 1 Januari 2017 kampuni ya maji ya jiji ilianzisha mgao, ikieleza kwamba Ndakaini ilikuwa imepungua. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli. Lakini mvua kubwa za 2018, za 2019 na za 2023 zilikuja zikapita, na mgao ukabaki. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yalizibeba nyumba za Mathare, ilhali mifereji ya mitaa jirani iliendelea kungojea zamu yake ya juma. Hapo ndipo lugha inapotusaidia kufikiri. Ikiwa maji hayapo wakati wa kiangazi, na hayapo wakati wa gharika, basi tatizo letu si kiangazi. Ripoti za bodi inayodhibiti huduma za maji, WASREB, zimekuwa zikionyesha kwamba kati ya asilimia 40 na 50 ya maji yanayosafishwa kwa ajili ya Nairobi hayalipiwi: mengine huvuja njiani, mengine huibwa na kurudi kuuzwa. Mkazi wa Eastlands hununua mtungi wa lita 20 kwa msukuma mkokoteni. Ukiuzwa shilingi 20, mita moja ya ujazo, yaani mitungi 50, humgharimu shilingi 1,000, mara nyingi zaidi ya ile ambayo mwenye bustani ya maua upande wa pili wa jiji huilipa kwa mfereji wake. Jina la jiji hili limetokana na Kimaasai, na maana yake ni maji baridi. Maskini wa Nairobi huyanunua maji hayo kwa bei ya moto.

Vazi la tatu ni simu. Kila chumba cha Eastlands kina nyumba nyingine nyuma yake, Mwingi, Makueni, Garissa au Siaya, na vuli ikishindwa kule, simu hulia huku. Tangu huduma ya M-Pesa ianze mwaka 2007, fedha za dharura za nchi hii hupita zaidi mikononi mwa watu wa kawaida kuliko tunavyokiri. Kwa hiyo tangazo la Agosti linawahusu watu wa Eastlands kuliko wengi, kwa kuwa wao ndio watakaolipa.

Mbona basi hawalisikii? Hapa narudi kwenye taaluma yangu. Mwanamke mmoja anayeuza ndengu na maharagwe Kayole, mzaliwa wa Mwingi, aliniuliza swali ambalo sikulipata katika kitabu chochote. "Mwalimu," alisema, "hawa watu wa redio wanasema mvua fupi zitapungua. Kwa nini waziite fupi, na sisi ndizo tunazolimia?" Nilimjibu, "Mama, hilo ni jina la Wazungu lililotafsiriwa tu." Akacheka, akasema, "Basi ndiyo maana watu wanafikiri hazina maana."

Mama huyo alisema kweli. Wakoloni walizigawa mvua zetu kuwa ndefu na fupi, nasi tukatafsiri bila kufikiri. Katika Ukambani na sehemu kubwa ya mashariki ya Kenya, mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo tegemeo kuu la shamba. Ile ya Machi hadi Mei ndiyo ndogo. Kuiita "fupi" ni kumwambia msikilizaji kwamba akiikosa hajakosa kitu. Isitoshe, majina tunayo. Wakamba huiita mvua ya nthwa. Wakikuyu huiita mvua ya mwere, kwa jina la nafaka iliyokuwa ikipandwa wakati huo. Wajaluo husema opon, Waborana husema hagaya, na Wasomali wa Eastleigh husema deyr. Waswahili wa pwani wameiita vuli tangu jadi. Hakuna sehemu ya Kenya ambapo majina haya yote hukutana asubuhi moja, katika kituo kimoja cha mabasi, kama mashariki mwa Nairobi. Mtangazaji akisema "deyr itakuwa haba", mwenye duka Eastleigh atakiacha kikombe chake cha chai asikilize, kwa maana anajua jamaa zake wa Wajir wana ngamia wangapi.

Kuna na neno "utabiri" lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, na katika Kiswahili limezoea kukaa karibu na ndoto, falaki na unajimu. Mtabiri hutarajiwa kusema litakuwa au halitakuwa. Akikosea, ni mwongo. Lakini wanasayansi hawasemi hivyo. Wao huzigawa vuli za miaka iliyopita katika mafungu matatu yaliyo sawa: zilizokuwa na mvua kidogo, za wastani, na zilizokuwa na mvua nyingi. Kila fungu, kwa kawaida, lina nafasi moja kati ya tatu. Kisha huitazama bahari. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakipoa kuliko kawaida, na yale ya upande wa Indonesia yakipata joto, unyevu huvutwa kwenda huko na vuli yetu hudhoofika. Hali iitwayo La Niña katika Bahari ya Pasifiki huzidisha udhaifu huo. Mambo hayo yakitokea pamoja, nafasi ya mvua kidogo inaweza kupanda kutoka 33 hadi 60 katika mia. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi ya namna hiyo, sita hivi itakuwa mikavu. Minne haitakuwa.

Huo si unajimu, wala si ahadi. Ni hesabu ya hatari, kama ile ambayo kila mchuuzi wa Gikomba huifanya kabla ya kufungua mtumba. Lakini tumezoea kuigeuza kuwa ndiyo au la. Mwezi wa Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwaambia wananchi kwamba El Niño iliyokuwa ikihofiwa isingekuja. Kabla ya mwisho wa Novemba mafuriko yalikuwa yameua watu zaidi ya 100. Mwezi wa Agosti 2025 ICPAC ilitangaza kwamba vuli ya mwaka huo ilielekea kuwa kavu katika sehemu kubwa ya eneo hili. Mandera, Wajir na Garissa mvua ikawa haba mno. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba mvua kubwa iliporomosha mlima Marakwet na kuwafukia watu wakiwa usingizini. Wapo waliosema kwamba wataalamu walidanganya. Hawakudanganya. Msimu mkavu unaweza kuwa na usiku mmoja wa gharika, na nchi moja inaweza kuwa na misimu miwili kwa wakati mmoja. Ninapendekeza kwamba tuyaite matangazo hayo "makadirio ya msimu", na yasomwe pamoja na maelezo ya namna hii, hata kama yatachukua dakika mbili zaidi.

Huenda msomaji akauliza kama maneno yanaweza kweli kuokoa mtu. Jibu la kuhuzunisha lilitolewa na Somalia. Katikati ya mwaka 2010 dalili za La Niña zilikuwa wazi, na maonyo yalitolewa. Vuli ikashindwa, na masika ya 2011 yakashindwa. Neno "baa la njaa" lilitangazwa rasmi tarehe 20 Julai 2011, na hapo ndipo ulimwengu ulipoamka; hapa Kenya pia wananchi walichangishana kwa moyo mkunjufu, nao watu wa Eastlands wakatoa walichokuwa nacho. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba watu 258,000 hivi walikufa Somalia katika janga hilo, zaidi ya nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Takriban nusu ya waliokufa walikuwa wamekwisha kuzikwa kabla ya tangazo la Julai. Habari ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuitenda.

Hata mashirika hujificha nyuma ya majina. Mwaka 1986 serikali za eneo hili ziliunda shirika la kupambana na ukame na kuleta maendeleo, likiitwa IGADD, lenye D mbili. Lilipoundwa upya mwaka 1996, likawa IGAD. Herufi iliyoondolewa ilikuwa ile ya ukame. Najua kwamba shirika lilipewa majukumu mapana zaidi, na kituo chake cha Ngong kinafanya kazi ambayo nimeieleza kwa heshima. Lakini sisi wananchi tumefanya kama jina lile lilivyofanya: tumeuondoa ukame katika anwani yetu tukidhani kwamba umehama.

Tufanye nini basi? Kwanza, Nairobi iingizwe katika ufuatiliaji wa ukame kama kaunti nyingine, na mizani yake iwe ya mjini: bei ya mtungi wa maji, bei ya unga, na kina cha Ndakaini. Kina hicho kitangazwe kila juma, na ijulikane mapema kwamba kikishuka hadi kiwango fulani, mgao utakuwa wa namna fulani kwa mitaa yote, Lavington na Kariobangi kwa kipimo kimoja. Pili, mabomba yanayovuja yazibwe kabla ya kuchimba mengine. Handaki la kaskazini lililochimbwa Murang'a, la karibu kilomita 12, linakusudiwa kuliongezea jiji mita za ujazo 140,000 kwa siku. Ni jambo jema, lakini kumimina maji zaidi katika ndoo iliyotoboka ni kuwanenepesha wauzaji wa mitungi.

Tatu, magorofa yetu yavune maji. Hesabu ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 200 mraba, mvua ya milimita 10 ya jioni moja, ni lita 2,000, yaani mitungi 100. Hata vuli dhaifu huleta jioni kadhaa za namna hiyo Nairobi. Leo maji hayo hushuka barabarani yakachanganyika na taka, na asubuhi mpangaji huruka dimbwi akielekea kununua mtungi. Mwenye nyumba anayeweza kujenga ghorofa la saba anaweza kuweka tangi na mfereji wa paa. Serikali ya kaunti inayompa kibali cha ghorofa hilo inaweza kumlazimisha.

Nne, na hili halihitaji serikali, tuwasikilize wataalamu mwezi wa Agosti kwa ajili ya jamaa zetu. Shilingi elfu mbili zinazotumwa Mwingi au Makueni mwanzoni mwa Oktoba hununua mbegu zinazokomaa upesi, au majani makavu ya ng'ombe kabla bei haijapaa. Mbuzi akiuzwa wakati huo, ana nyama na ana bei. Shilingi hizo hizo zikitumwa Februari, baada ya karo kuzimaliza nyingine, hununua unga wa siku chache, na mbuzi aliyebaki hana mnunuzi. Fedha ni zile zile. Kilichotofautiana ni mwezi.

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Walisema vyema, kwa kuwa siku zao hapakuwa na dalili nyingine iliyo bora. Leo dalili husomwa katika joto la bahari miezi mitatu kabla ya wingu la kwanza kuonekana juu ya Kangundo Road, na husomwa kwa ajili yetu, kwa fedha zetu. Kiangazi kitakuja tena; hilo halina shaka. Muda uliopo baina ya tangazo na kiangazi ndio mali pekee tuliyopewa bure, na watu wa Eastlands, ambao hawapewi mengi bure, wasikubali kuipoteza.